Laptop ikigoma kuwaka, usikubali izikwe hai!

Kama unasoma safu hii huku umejinyoosha kwenye kochi basi mambo si haba, shukuru Mungu. Mimi mwenzio ndiyo kwanza nimerudi kutoka nyumbani Kibingo, kule Kyerwa mkoani Kagera. Kwa masista du wa Sinza na mabrazameni wa Kinondoni ambao ramani inaishia Chalinze, Kyerwa ni ile wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ukiendelea mbele kidogo tu unaingia Uganda.

Nilikwenda kupumzika bwana. Nile ndizi za mama, ninywe kahawa, nilale. Badala yake nikakutana na kasheshe ambayo hadi leo nikiikumbuka kijasho chembamba kinanitoka.

Dada yangu ana kiduka cha steshenari pale nyumbani. Anachapa barua, anatoa fotokopi, anajazia watoto fomu za shule. Zaidi ya hapo ni katibu wa kikoba cha akina mama, wako ishirini na wanane. Ijumaa jioni nimekaa zangu nje, namsikia anaita, sauti si yake.

"Mdogo wangu, hebu njoo uone. Inazunguka tu."

Nikaingia. Laptop imewaka, feni inalia, nembo imetokea, chini kuna kile kiduara kinachozunguka. Kikazunguka weee, yakaja maandishi kwamba inajiandaa kujitengeneza yenyewe, skrini ikawa nyeusi tii, halafu nembo tena. Kiduara tena. Nyeusi tena. Dada anasema ameizima na kuiwasha tangu mchana, hajui mara ngapi.

"Si kesho tutaipeleka kwa fundi?" nikamwambia.

Akanitazama kama mtu aliyefiwa. "Jumapili tunavunja kikoba. Hesabu zote zimo humu."

Hapo ndipo miguu ilipoisha nguvu.

Ujue kikoba chao kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu wa nyumba tofauti. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Kwa hiyo hela zilikuwepo, salama salimini. Lakini nani ana hisa ngapi, nani amekopa, nani amerudisha na riba, vyote vilikuwa ndani ya laptop moja ya mtumba. Zamani kila mwanachama alikuwa na kijitabu chake kinagongwa muhuri kila wiki. Dada alipopata laptop wakaona vijitabu ni ushamba, wakaviacha. Miezi mitano hakuna aliyegongewa muhuri.

Mama yetu alisema maneno mafupi tu: "Waitu, wataambiwa laptop imekula hela."

Na kweli msomaji wangu, kijijini mtu akishapewa jina la mwizi, hata akihama jina linamfuata.

BASI LIMEHARIBIKIA WAPI?

Sasa ngoja nikupe somo nililolipata kwa machozi ya dada yangu. Mimi elimu yangu ni kidato cha nne, sijasomea kompyuta, ila nimekaa na mafundi na nimeuliza mpaka wakanichoka.

Watu wengi laptop ikigoma wanasema neno moja: imekufa. Hapana bwana. Fikiria basi linalotoka Nkwenda kwenda Bukoba. Linapita Omurushaka, Kayanga, Kyaka, ndipo linafika. Ukisikia basi halijafika, unauliza limekwama wapi. Likikwama Nkwenda stendi huenda dereva hajaamka. Likikwama Kyaka, basi injini ni nzima, tatizo ni jingine kabisa. Laptop nayo ina vituo vyake kila inapowashwa. Ukijua imekwama kituo gani, nusu ya ugonjwa umeshaujua.

Kituo cha kwanza ni umeme. Unabonyeza, kimya, hakuna taa wala feni. Usianze kulia. Jaribu soketi nyingine kwanza, kisha itazame chaja. Kazi ya chaja ni kuchukua umeme wa ukutani wa volti 230 na kuushusha hadi volti 19 au 20 hivi. Waya wake hukatikia kwa ndani pale unapopindwa kila siku, nje unaonekana mzima. Azima chaja ya mwenzako inayofanana, maandishi ya mgongoni yasome kwa makini, volti ziwe zile zile na ampea zisipungue. Na wale wa sola, kumbuka laptop nyingi zinataka wati 65 au karibu na hapo. Kile kiinveta chako cha kuchajia simu na kuwashia balbu mbili hakitaiweza hiyo.

Chaja ikiwa nzima, ichomoe, toa betri kama ni ya kutoka, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Umeme uliobaki ndani unaisha. Rudisha chaja peke yake, washa. Utashangaa ni laptop ngapi zimefufuka kwa dawa hiyo ya bure. Ila ukiona betri imevimba, kibodi au ile sehemu ya kuchezeshea kidole imeinuka kama andazi, acha kila kitu. Usichaji, usibonyeze, usitoboe. Hiyo inaweza kuwaka moto.

Kituo cha pili, mashine inajikagua yenyewe. Kabla ya kukuonyesha chochote, laptop inajiuliza: kumbukumbu ipo? Skrini ipo? Kibodi ipo? Ikikuta kasoro inalia milio au inapepesa taa, na kila kampuni ina hesabu yake ya milio, kwa hiyo ihesabu uandike. Kama taa zinawaka, feni inazunguka, lakini skrini ni giza, bonyeza kitufe cha Caps Lock. Kitaa chake kikiwaka na kuzima unavyobonyeza, basi mgonjwa anapumua, huenda shida ni skrini tu. Mulika skrini kwa tochi ya simu, ukiona picha kwa mbali kama kivuli, ujue taa ya nyuma ya skrini ndiyo imekufa. Au chomeka kwenye TV kwa waya wa HDMI uone.

Vinginevyo mtuhumiwa ni RAM. Hiki ni kijibao kidogo kinachobanwa ndani, nacho hulegea au hushika kutu na vumbi. Mafundi wanakichomoa, wanakisugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, wanakirudisha hadi kilie "taka". Kama una bisibisi na mkono usiotetemeka unaweza mwenyewe, bali kwanza uondoe chaja na betri.

Kituo cha tatu, inatafuta hadi diski. Hapa ndipo unapoletewa maandishi meupe kwenye giza: "No bootable device" au "Operating system not found". Maana yake mashine imetafuta mahali Windows ilipolala, haikuona. Kabla hujamwaga chozi, angalia kama umesahau flashi pembeni. Ndiyo, flashi! Mashine nyingine zinaanzia hapo, zikikuta nyimbo za bongofleva badala ya Windows zinasusa. Chomoa, washa tena. Ikikataa, ingia kwenye BIOS, kwa laptop nyingi ni kubonyeza F2 au Delete mara tu unapowasha, uone kama jina la diski lipo. Likiwepo, huenda mpangilio tu umevurugika. Na ukiona tarehe imerudi miaka ya nyuma, kuna kijibetri kidogo mfano wa sarafu ndani, hicho kimechoka na mipangilio inasahaulika. Jina la diski lisipokuwepo kabisa, diski imelegea au ndiyo imeaga.

Kituo cha nne, Windows yenyewe inapakiwa. Hapa ndipo alipokwama dada yangu. Nembo inatokea, kiduara kinazunguka, haifiki. Kwa Windows 10 na 11, mashine ikishindwa kuanza mara mbili tatu mfululizo, hukuletea ukurasa wa buluu wa matengenezo. Bonyeza palipoandikwa "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Hapo kuna njia ya kurudisha mambo yalivyokuwa kabla hujaweka ile programu ya juzi, kuna kutengeneza mwanzo wake, na kuna kuingia kwa "Safe Mode", yaani Windows inaamka na nguo za ndani tu, bila makorokoro. Ikiwaka hivyo, mashine ni nzima, kuna programu iliyovuruga. Iondoe.

HATA WAKUBWA WALIZUNGUKA KIDUARA

Usione aibu laptop yako ikifika kituo cha nne na kukwama. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 kampuni moja ya usalama wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilisambaza sasisho lenye kasoro. Microsoft walikadiria kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani ziligoma kuanza. Ndege zilibaki chini, hospitali zikaahirisha kazi, benki zikayumba. Watu wenye digrii tatu tatu walikaa mbele ya skrini ya buluu kama dada yangu Kibingo.

Unajua dawa yake ilikuwa nini? Mashine nyingi zilitaka mtu aende mwenyewe, aingie kwa Safe Mode, afute faili moja tu, awashe tena. Faili moja! Tena zile zilizofungwa kwa BitLocker zilidai kwanza ufunguo wa tarakimu 48, na aliyekuwa hajui ameuweka wapi alikoma. Na wewe laptop yako mpya huenda imejifunga hivyo bila kukuambia. Ingia leo kwenye akaunti yako ya Microsoft uunakili ufunguo huo kwenye karatasi, siyo ndani ya laptop hiyo hiyo.

Somo la siku ile ni hili: kompyuta milioni nane zisizowaka hazikuwa zimekufa, na hakuna aliyesema zifutwe zote zianze upya.

"NIPIGE WINDOWS MPYA?"

Sasa turudi kwetu. Jumamosi alfajiri tukadandia bodaboda hadi tukafika mjini kwa fundi. Kijana mchangamfu, meza imejaa mashine zilizo wazi matumbo. Akaiwasha, akatazama kiduara kikizunguka kwa nusu dakika, akasema, "Hii ndogo dada. Nipige Windows mpya, elfu ishirini, saa nane unachukua."

Dada akafungua pochi. Kwa raha aliyoisikia angelipa hata elfu hamsini.

Nikauliza, "Na mafaili, kaka?"

"Yanaondoka. Ila itakuwa nyepesi, kama mpya."

Msomaji wangu, fundi hakuwa na ubaya. Aliulizwa mashine iwake, naye angeiwasha. Lakini dada hakuhitaji mashine, alihitaji hesabu za akina mama ishirini na wanane. Haya ni mambo mawili tofauti, na watu wanayachanganya kila siku. Laptop unaweza kununua nyingine. Picha za marehemu baba yako hununui, risala ya mwaka mzima chuoni hununui.

Nikamshika dada mkono. Tukashukuru, tukaondoka, fundi akatuona washamba.

Nyumbani jirani yetu ni mwalimu wa sekondari, mtu wa kimya sana. Tulipomweleza hakuiwasha kwanza. Alimuuliza dada, "Inatoa mlio?" Dada akakumbuka, ndiyo, kama saa ya ukutani, tiki, tiki, tiki. Mwalimu akatikisa kichwa. Diski ile ni ya zamani, ya kuzunguka, na mlio huo ni wa diski inayokata roho. Akatueleza kwamba kila tulipoizima na kuiwasha tangu Ijumaa mchana tulikuwa tunaichimbia kaburi. Ukisikia mlio huo usijaribu tena na tena. Zima, tulia, panga jinsi ya kutoa vitu vyako kwanza.

Mwalimu akaleta flashi yenye Ubuntu. Huu ni mfumo wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows yako. Akachomeka, akabonyeza F12 wakati wa kuwasha, akachagua flashi. Ikawaka! Ile ile "maiti" ya asubuhi. Skrini ikafunguka, tukaona mafolda ya dada yote yamejipanga. Wale wenye diski ngumu ya kufunguka wana njia nyingine: diski inatolewa, inawekwa kwenye kava la USB, inachomekwa kwenye kompyuta nyingine kama flashi kubwa.

"Taja kimoja unachokihitaji kuliko vyote," mwalimu akasema. "Tuanze na hicho, haijulikani itaishi dakika ngapi."

Folda la kikoba lilichukua robo saa kunakiliwa, kitu cha sekunde mbili. Mlio ulikuwa unaongezeka, dada ameshika shingo yake kwa mikono miwili. Faili jipya likanakiliwa lakini likagoma kufunguka, limeharibika. La zamani, ambalo dada alikuwa ameliita "mwisho mwisho", likafunguka. Hesabu zake zilikuwa za wiki tatu nyuma.

JUMAPILI

Dada hakulala. Jumapili baada ya ibada akina mama wakajaa uani, kila mmoja ameshapanga matumizi yake kichwani. Mama mwenyekiti akafungua kikao. Dada akasimama, akawaamkia wakubwa shikamoo, akasema ukweli wote bila kuzungushazungusha: laptop imeharibika, hesabu zipo ila wiki tatu za mwisho hazipo, anaomba kila mmoja aseme alichoweka mbele ya wenzake.

Kukawa kimya. Mama mmoja akaguna ile guno unayoijua. Halafu bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, akasema yeye ana daftari lake la kahawa na huwa anaandika kila shilingi inayotoka nyumbani kwake. Akatuma mjukuu alilete. Wengine wawili nao wakasema wanaandika. Mmoja alirudisha mkopo katika wiki zile na hakuna aliyekumbuka, mpaka mweka hazina akasema, ni kweli, nakumbuka ulileta noti za elfu moja moja tupu tukazihesabu mara mbili.

Wakaenda hivyo, jina kwa jina, hadi jua likapinda. Sanduku likafunguliwa kwa funguo tatu, hela zikahesabiwa. Tofauti ilikuwa shilingi elfu mbili. Dada akatoa kwenye pochi yake, wakampigia makofi. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikajifanya natafuta kuni.

Laptop? Ilikwenda kwa yule yule fundi wa mjini wiki iliyofuata. Ikawekewa SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani, na hiyo Windows mpya akapiga kwa raha zake. Ikaja inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Fundi ni mzuri, ila mwambie unachotaka. Kabla hujamwachia mashine muulize maneno matatu: mafaili yangu utayaweka wapi kwanza? Kitu gani kimeharibika, Windows au diski? Na unaniwekea Windows ipi? Maana Windows 10 huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isije ukalipia mpya ukapewa mzee.

Jambo moja halijanitoka kichwani. Akina mama wale kwa akili yao waliweka kufuli tatu kwenye hela, kwa nyumba tatu tofauti, ili moja ikipotea mambo yasimame wima. Lakini hesabu za hela hizo wakaziacha mahali pamoja, kwenye mashine ya mtumba inayolia tiki tiki. Siku hizi Kibingo hesabu za kikoba zina kufuli tatu pia: laptop ya dada, flashi anayokaa nayo mama mwenyekiti, na vijitabu vya mihuri vimerudi. Ushamba umerudi kwa heshima zote.

Haya, wewe uliyejinyoosha kwenye kochi. Vitu vyako vya maana viko wapi leo? Kama jibu ni "kwenye laptop" na umeishia hapo, inuka sasa hivi utafute flashi. Ukimaliza ndiyo ulale.